Mtoto Ambaye Kilio Chake Hakikujibiwa

Nafundisha darasa la awali hapa Mtwara, na karibu kila mwaka hutokea mtoto ambaye mwenzake huanguka na kulia mbele yake, naye akabaki anamtazama tu. Safari hii ni binti wa miaka mitano, nitakayemwita Somoe ingawa si jina lake. Nilipomchorea sura nne ubaoni, alimtambua anayecheka. Mwenye huzuni, mwenye hofu na mwenye hasira, wote kwake "wamenuna".

Nimesikia watoto wa namna hii wakiambiwa wana roho ngumu, na siafiki hata kidogo. Mtoto hazaliwi akijua kwamba yale mapigo ya moyo yanaitwa hofu; hulijua hilo kwa sababu alipolia, kuna mtu alimnyanyua, akamtazama usoni na kumwambia, "Umeogopa? Pole mwanangu." Pole hiyo, tunayoitamka bila kufikiri, ndiyo somo lenyewe. Somoe aliikosa. Tangu uchangani aliachwa mikononi mwa kaka yake wa miaka saba, hasa msimu wa korosho, mama akiwa kwenye kibarua cha kuokota tangu alfajiri, na kilio chake kilikoma kwa kuchoka. Mama simlaumu, alikuwa peke yake.

Mwaka 2000, mwanasaikolojia Seth Pollak na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti juu ya watoto wadogo waliopigwa na wale waliotelekezwa. Waliopigwa walielekea kuona hasira upesi kwenye nyuso za watu, ilhali waliotelekezwa walipata tabu zaidi kutofautisha hisia moja na nyingine. Hilo lilinigusa sana, kwa kuwa kipigo tunakikemea, lakini mtoto asiyesemeshwa na mtu tunamsifu kwamba ni mtulivu.

Sasa kila asubuhi namwambia Somoe ninachokiona: leo umefurahi, hapo umekasirika kwa kunyang'anywa chaki, na mimi nimechoka, ndiyo maana sauti yangu iko chini. Kazi hii huenda polepole mno. Juzi mwenzake alijikwaa kwenye mzizi wa mkorosho, Somoe alimtazama kwa muda mrefu, kisha akanivuta mkono na kuuliza, "Mwalimu, huyu ameumia au ameogopa?"

Tukaenda kumuuliza.