Nilivyofikia uamuzi wa kujengewa titi baada ya saratani

Watu walioniombea nipone saratani ndio haohao waliokunja uso niliposema nataka kujengewa titi. "Mwanangu, si umshukuru Mungu uko hai? Umri huu titi la nini?" mama mdogo aliniambia. Nilikuwa na miaka 44, nafundisha darasa la tano hapa Dar es Salaam, na Mungu nilikuwa namshukuru asubuhi na jioni. Lakini shukrani haimzuii mtu kuutaka mwili wake. Naandika kwa ajili ya dada anayeambiwa maneno kama hayo leo, akaona aibu hata kumuuliza daktari.

Titi langu la kushoto liliondolewa lote pamoja na tezi za kwapani. Zikafuata drip za kemikali, kisha mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani. Niliporudi kazini, fundi wangu wa nguo alinishonea kifuko cha kitambaa laini, akakijaza sufi, akatia mfuko ndani ya sidiria wa kukibeba. Nikiwa nimesimama tu, huwezi kujua. Ila nikinyoosha mkono kuandika juu kabisa ya ubao, sidiria inapanda upande ule hadi karibu na mtulinga, kwa kuwa sufi haina uzito. Tukatia mtama kidogo chini ya sufi, kikatulia. Wapo wenzangu wa kliniki wanaovaa hicho hadi leo, na wapo waliochagua kifua bapa bila kuweka chochote, wanapendeza na wana amani. Mimi joto la Dar ndilo lililonishinda. Kifuko kinalowa jasho, na ngozi iliyopigwa mionzi inawasha siku nzima mbele ya wanafunzi.

Daktari wa upasuaji rekebishi niliyepelekwa kwake aliuliza kwanza kama nilipigwa mionzi, na lini. Baadaye ndipo nikaelewa kwa nini. Njia inayotajwa sana ni kipandikizi cha silikoni. Mara nyingi huanza na mfuko mtupu unaowekwa chini ya ngozi au msuli wa kifua, ukajazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa hadi ngozi itanuke, kisha ukabadilishwa na kipandikizi chenyewe. Upasuaji wake ni mfupi, na hakuna kidonda kingine mwilini. Lakini ngozi iliyopigwa mionzi hukakamaa, haitanuki vizuri, na kovu linalojijenga kuzunguka kipandikizi huweza kukibana hadi titi likawa gumu na kuuma. Tena kipandikizi si cha maisha. Ipo siku huenda kikahitaji kubadilishwa. Hapo nilikitoa kwenye hesabu zangu.

Zikabaki njia za kutumia nyama yako mwenyewe. Ya tumboni huchukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu. Zamani yalichukuliwa pamoja na msuli wa tumbo. Siku hizi, penye wataalamu, msuli unaachwa, na mishipa midogo ya damu inaunganishwa kifuani kwa msaada wa darubini. Titi lake huwa laini na huzeeka pamoja nawe. Ila unalala mezani saa nyingi, na mshipa ukiziba siku za mwanzo unarudishwa haraka chumba cha upasuaji. Mimi baada ya zile drip nilikuwa nimekonda, tumbo halina cha kutoa.

Ya mgongoni hutumia ule msuli mpana ulio chini ya bega. Unainuliwa pamoja na kipande cha ngozi, mshipa wake wa damu haukatwi, unapitishwa chini ya kwapa hadi kifuani. Mtaliano aitwaye Iginio Tansini aliieleza njia hii tangu mwaka 1906, na kujua imekaa zaidi ya karne kulinituliza sana. Daktari aliniambia nishike kiuno kwa mikono miwili nibane kwa nguvu, akaupapasa msuli mgongoni kuona kama upasuaji wa kwapani haukuharibu mshipa na neva zake. Ulikaza vizuri. Nikamuuliza, "Daktari, nitaweza kutwanga kisamvu?" Hakucheka. Alisema bega litapoteza nguvu kidogo, hasa kwa kazi za kuvuta, lakini kwa mazoezi kazi nyingi za nyumbani nitazifanya. Kwa kuwa matiti yangu ni madogo, msuli huo ungetosha bila kipandikizi. Nikakubali.

Fedha ndiyo ilikuwa vita. Bima yangu ilijibu kwamba kujenga titi ni urembo. Jibu hilo liliniuma kuliko sindano. Nilimwomba daktari barua inayoeleza kwamba huku ni kukamilisha tiba ya saratani, nami nikaambatanisha yangu, nikataja kwamba Marekani ina sheria tangu mwaka 1998 inayotaka bima inayolipia kuondoa titi ilipie na kulijenga. Sheria yao haiwafungi watu wa huku, najua, lakini hoja ni hoja. Walikubali kulipia kitanda na dawa. Gharama za upasuaji nilikopa kwenye kikoba chetu, na dada zangu wakaongezea. Mama mdogo naye alichangia.

Baada ya upasuaji nilitoka na mirija ya kutoa majimaji. Ilipotolewa, majimaji yakajikusanya tena mgongoni chini ya mshono. Muuguzi akawa anayafyonza kwa sindano hadi yakakauka. Waliniambia ni jambo la kawaida kwa njia hii, kwa hiyo sikuogopa. Nikiinua ndoo, titi linacheza kidogo kwa sababu ule bado ni msuli. Na halina hisia kama zamani: sufuria ya moto au kitambaa cha kukandia kinaweza kukuunguza usijue. Nalichunga kama mkono wa mtoto.

Kama bado hujafanyiwa upasuaji wa kwanza, omba kuonana na daktari wa kurekebisha mapema, hata kama uamuzi utakuja mwakani. Baadhi ya wanawake hujengewa siku ileile. Aliyepigwa mionzi husubiri, mara nyingi miezi sita au zaidi. Kama una kisukari au unavuta sigara, mwambie ukweli wote, maana vidonda vya watu hao hupona kwa shida.

Chuchu sijaweka. Inaweza kutengenezwa kwa kukunja ngozi ya palepale na kuchorwa rangi, nami bado nafikiria. Titi la kulia napigwa picha kila mwaka, la kushoto daktari analipapasa kwa mkono, na vidonge vya kuzuia homoni naendelea kumeza.