Gololi sebuleni

Nyumba za enzi ya Malkia Victoria hapa London hazijui kunyooka. Juzi Peckham, fleti ya ghorofa ya kwanza, niliweka gololi ya mwanangu sakafuni karibu na dirisha. Ikajiendea yenyewe hadi mlangoni. Mteja anataka sakafu mpya ya mwaloni itandikwe leo leo! Nikamwambia tulia, dada.

Mbao hizi ni plaiwudi iliyovikwa mwaloni juu, hazipindi ovyo, ila kando ya ukuta naacha milimita 12 zitanuke. Mbao za zamani zinazolia nilizikaza kwa skrubu. Nyundo sithubutu: dari la chini ni plasta ya chokaa juu ya fito, ukigonga linammwagikia jirani. Kisha mkeka mzito wa kuzuia sauti. Bibi wa chini alishaniambia ngazini: "Viatu vyote vya huyo dada wa juu navijua kwa mlio."