Kulifuata Jua Kutoka Oulu Hadi Las Palmas

Wiki ya mwisho ya Desemba, Oulu hupata jua kwa muda wa saa tatu na nusu hivi. Linachomoza saa nne na nusu asubuhi, linatambaa juu ya mapaa bila kupanda, na ikifika saa nane mchana limeshazama. Siku za mawingu hata hicho kidogo hukioni. Wengi hudhani shida ya kaskazini mwa Ufini ni baridi, lakini baridi ina dawa zake: koti zito, soksi za sufu, nyumba zilizojengwa kutunza joto. Giza halivaliwi koti. Mimi kazi yangu ni ukalimani kwa simu, Kiswahili na Kifaransa, kutwa nzima niko chumbani na kuta zangu. Kila Februari ilinikuta sina hamu ya chakula wala ya mazungumzo, na usingizi hauishi hata nikilala hadi mchana.

Watu wa kaskazini wana mazoea ya zamani ya kukimbilia kusini. Wenye fedha huenda hotelini wiki moja au mbili, na wastaafu wengi huhamia huko mpaka theluji iyeyuke. Fedha ya hoteli sikuwa nayo. Nilikuwa na kazi inayofanyika popote penye intaneti ya kuaminika, na nilimfahamu mwanafunzi aliyekuwa akihangaika kutafuta chumba cha kuanzia Januari. Mwenye nyumba wangu alikubali kwa maandishi, mwanafunzi akaingia, akawa analipa kodi ileile ninayolipa mimi. Hesabu yote ya safari ilisimama hapo. Ukilipia nyumba mbili kwa wakati mmoja hakuna unafuu utakaouona, hata uende nchi gani.

Marafiki walinishauri Thailand. Maisha ya huko ni ya bei nafuu zaidi, hilo ni kweli, lakini nauli ya ndege ni kubwa na mambo ya viza yanataka kufuatiliwa. Nikachagua Gran Canaria, katika Visiwa vya Kanari, ambavyo ni sehemu ya Uhispania ingawa viko pembeni mwa Afrika. Kutoka kisiwa jirani cha Fuerteventura hadi pwani ya bara letu ni kama kilomita 100 tu. Fedha ni ileile yuro. Mwenye pasipoti ya nchi ya Umoja wa Ulaya anaweza kukaa miezi mitatu bila kujiandikisha popote, na kadi ya Ulaya ya bima ya afya inamfungulia mlango wa hospitali ya umma akiugua. Kasoro yake kwangu ilikuwa saa. Kule wako nyuma ya Ufini kwa saa mbili, kwa hiyo mteja wa saa mbili asubuhi wa Helsinki mimi nampokea saa kumi na mbili, kabla hakujapambazuka.

Niliondoka Oulu kwa treni ya usiku, nje kukiwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Ukielekea uwanja wa ndege wa Helsinki hufiki mjini kati, unashuka Tikkurila na kubadili treni. Ndege ilijaa wazee waliokuwa wakisalimiana kwa majina, wengine wakiulizana nani hakuja mwaka huu na kwa nini. Saa sita baadaye tukatua uwanja wa Gando, upande wa mashariki wa kisiwa. Mlango ulipofunguliwa niliingiwa na hewa yenye chumvi, nikavua koti pale pale kwenye ngazi, na sikulivaa tena mpaka Machi.

Basi namba 60 linatoka uwanjani hadi Las Palmas, jiji kuu la kisiwa, bahari ikiwa kulia kwako njia nzima. Abiria wengi wa ndege yangu hawakulipanda. Wao walichukuliwa na mabasi ya kampuni za utalii kuelekea kusini, Maspalomas na Playa del Inglés, kwenye hoteli na fukwe za jua la uhakika. Kusini ndiko jua liliko, kwa sababu milima ya katikati ya kisiwa inazuia mawingu yanayoletwa na pepo za kaskazini mashariki. Kaskazini, kwenye jiji lenyewe, mawingu yapo, lakini maisha ni ya wenyeji na bei ni za wenyeji. Nilichagua jiji, na ningechagua tena.

Chumba changu kilikuwa Schamann, mtaa wa wafanyakazi juu ya kilima, mbali na ufukwe. Mama mwenye nyumba ni mjane mstaafu. Nilimwita Doña, yaani Bibi kwa Kihispania, yeye tangu siku ya kwanza akaniita mwanangu. Kodi ilikuwa karibu yuro 400 pamoja na maji na umeme. Nilipata ufunguo, kitanda, meza iliyo chini ya dirisha, na rafu moja ya jokofu. Intaneti niliijaribu kwanza kabla ya kufungua begi.

Jambo ambalo wasafiri wa kaskazini hawaambiwi ni kwamba nyumba za kule hazina vipasha joto. Sakafu ni za vigae, unyevu wa bahari unaingia kila mahali, na usiku wa Januari chumba kinaweza kushuka hadi nyuzi 17. Ukitoka Ufini, ambako ndani ya nyumba ni joto mwaka mzima, hiyo inakushangaza. Anayetafuta chumba aulize dirisha linaelekea wapi. Dirisha la kusini hupokea jua mchana kutwa na kuta huhifadhi joto mpaka usiku. Chumba cha chini kinachoelekea kaskazini kina ukungu kwenye kona, na hakuna bei inayofidia hilo. Mimi nilikuwa na la kusini, na blanketi mbili.

Siku zangu zilipata mpangilio ambao sikuwahi kuwa nao. Kazi alfajiri hadi saa saba mchana. Kisha soko la Altavista, ambako nilinunua ndizi ndogo za kisiwani, viazi, samaki, na majani wanayopikia mchuzi mzito wa maharage. Asubuhi Doña alikoroga gofio, unga wa mahindi yaliyokaangwa kabla ya kusagwa, ndani ya maziwa ya moto, na nikiwa na simu ya mapema aliniachia bakuli mezani limefunikwa na sahani. Mara moja moja nilikula mkahawani mlo wa mchana wa siku, ule wa sahani mbili, mkate na kinywaji kwa bei moja, na ulinishibisha hadi kesho yake. Kula hivyo kila siku, la. Unafuu uko jikoni.

Jioni nilishuka Las Canteras. Ni ufukwe wa kama kilomita tatu katikati ya jiji, na mbele yake kuna mwamba mrefu uliozama nusu unaovunja mawimbi, hivyo ndani yake maji yanatulia. Bahari ya Januari ni nyuzi 19 hivi. Nilikuta wazee wa mtaani wanaogelea hapo kila siku, nikajiunga nao kwa uoga, kisha kwa shauku. Mchana wa Gran Canaria katikati ya majira ya baridi hauzidiwi na usiku kwa mbali. Una zaidi ya saa kumi. Nilihisi tofauti ndani ya wiki ya pili. Nilikuwa naamka kabla ya kengele. Nikaanza kumpigia simu ndugu yangu bila kulazimishwa, na yeye ndiye aliyeniambia kuwa sauti yangu imebadilika.

Basi, je, ni nafuu? Kwangu mimi ilikuwa nafuu. Nikitoa nauli, nilitumia pungufu kuliko ninavyotumia Oulu. Lakini kwa nani?

Chumba nilicholala kilikuwa cha binti wa Doña. Huyo binti anafanya kazi ya usafi hotelini, ana mume na mtoto, na wanaishi Vecindario, mji ulio njiani kuelekea kusini, kwa sababu kodi za Las Palmas zimewashinda. "Mwanangu amezaliwa mtaa huu," Doña aliniambia tukiosha vyombo, "na hawezi kupanga hata vyumba viwili hapa." Hakusema kwa kunilaumu. Lakini kuanzia siku ile niliviona vibao vyenye herufi VV kwenye milango ya magorofa, alama ya nyumba za kupangishwa watalii, na nilipotembea Guanarteme, nyuma ya ufukwe, niliviona vingi. Tarehe 20 Aprili 2024 makumi ya maelfu ya watu waliandamana visiwani kote wakisema visiwa vyao vina kikomo. Wakazi ni kama milioni 2.2, na mwaka huo walipokea wageni karibu milioni 18. Ukiwa mgeni, huwezi kujitoa kwenye hesabu hiyo. Unachoweza ni kuchagua unachukua nini: chumba ndani ya nyumba ya mtu anayeishi humo, au nyumba nzima ambayo familia ingeishi. Naamini tofauti hiyo ni kubwa, na sioni sababu ya kuifumbia macho eti kwa kuwa nimekimbia giza.

Jumapili moja nilipanda basi hadi Arguineguín, mji wa wavuvi kusini magharibi. Wanorwe wamehamia huko kwa miongo. Wana kanisa lao na shule yao, na kwenye mikahawa nilisikia Kinorwe zaidi kuliko Kihispania. Gati liko hatua chache kutoka hapo. Novemba 2020, zaidi ya watu 2,000 waliowasili kwa mashua kutoka Afrika walilala juu ya saruji ya gati hilo, kabla kambi haijafungwa mwisho wa mwezi. Mwaka 2024 waliofika visiwani kwa njia hiyo walipita 46,000. Wako wengi ambao hawakufika.

Kituoni, nikisubiri basi la kurudi, nilikaa na kijana kutoka Mbour, Senegal, anayefanya kazi kwenye mashamba ya nyanya. Tulizungumza Kifaransa, akaniita kaka mkubwa. Aliniuliza mimi nilikuja kwa nini. Nikamwambia nilikimbia baridi. Hakucheka. Alisema anaijua baridi, ile ya usiku baharini nguo zikiwa zimelowa, na kwamba mikono yake ilikufa ganzi siku ya nne. Kisha akaniuliza Ufini kuna kazi gani za shambani na karatasi zake zinapatikanaje. Nilimweleza ninachokijua, polepole, kama ninavyofanya kazini, na safari hii bila malipo ya dakika. Tumebaki tukiandikiana.

Katikati ya Februari lilikuja vumbi la Sahara, ambalo wenyeji huliita calima. Anga liligeuka rangi ya chungwa, mlima hauonekani, na Doña akatundika taulo zilizolowa madirishani. Kwa wenye pumu siku hizo ni mbaya kweli na ni heri kukaa ndani. Zilipita, mvua ndogo ikaosha magari, nikarudi baharini.

Wiki moja kabla ya kuondoka, Doña alinikalisha mezani. Jirani alikuwa amemshauri akipangishe chumba kwa watalii kwa usiku mmoja mmoja, angepata mara mbili ya ninachompa. Nilimwambia ukweli, kwamba jirani hakosei. Akatikisa kichwa. Mjukuu wake wa Vecindario anaingia chuo kikuu cha Las Palmas mwezi wa tisa, na chumba ni chake. "Kwa hiyo wewe, mwanangu, huna chumba," alisema, "lakini ghorofa ya tatu yuko dada mmoja, watoto wake wameenda Uhispania bara, na anaogopa kulala peke yake." Tulipanda ngazi pamoja jioni ileile. Dirisha linaelekea kusini. Kodi tuliyokubaliana inaizidi ya Doña kwa yuro 20, na nitaingia tarehe 2 Januari.