Siku Moja Maishani Mwangu: Kutoka Smeerenburg Kuelekea Amsterdam

Saa 11:00 alfajiri

Nilipopanda kwenye chumba cha uongozaji wa meli, jua lilikuwa juu ya milima ya Spitsbergen, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Svalbard vya Norwei, kama lilivyokuwa usiku wa manane, kwa kuwa mwezi wa Julai halitui kabisa huku kaskazini. Tulikuwa nyuzi 79 na dakika 44 kaskazini mwa ikweta, tumetia nanga mbele ya Smeerenburg, ncha ya mchanga na changarawe iliyo kusini-mashariki mwa kisiwa cha Amsterdamøya.

Mimi ni mwongozaji na mhadhiri wa historia katika meli ya kifahari inayochukua wageni Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard, ikatembelea ghuba za Svalbard, kisha ikateremka pwani ya Norwei kupitia Tromsø na Bergen hadi Amsterdam. Wageni wengi huichukulia kuwa ni safari mbili zilizouzwa kwa tiketi moja: kwanza barafu na wanyama, halafu miji ya kale na makumbusho yake. Kazi yangu, kwa jinsi ninavyoielewa, ni kuwaonyesha kwamba safari ni moja, na hakuna siku inayonirahisishia kazi hiyo kuliko siku ya Smeerenburg.

Lakini kabla ya historia huja dubu. Tulisimama watatu na darubini, kila mmoja na kipande chake cha ufuo, tukikagua polepole kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi. Anayemtafuta dubu mweupe kwa weupe wake hatamwona, kwa sababu manyoya yake huelekea umanjano na humtambulisha pale tu anapopita juu ya theluji. Palipo na mawe matupu, tunachotegemea ni mwendo. Baada ya dakika arobaini kiongozi wa msafara aliridhika, na boti ya kwanza ikashushwa majini ikiwa na walinzi wenye bunduki na bastola za fataki, ambao huzunguka nyuma ya kila mwinuko kabla ya mgeni yeyote kuukanyaga ufuo.

Saa 1:30 asubuhi

Huu ndio wakati ambao matangazo ya safari za kifahari hayauonyeshi. Watu waliolala katika vyumba vyenye roshani na mhudumu wao binafsi walikuwa wamepanga foleni katika chumba cha mabuti, wakiinua nyayo mmoja mmoja ili tuzikague. Mbegu moja ya nyasi iliyonasa katika mfuko wa jaketi au katika ukanda wa kunata wa glavu inaweza kupeleka mmea mgeni mahali ambapo haujawahi kuota, kwa hiyo tunazichomoa kwa kibano, tunafyonza vumbi mifukoni, kisha kila buti linatumbukizwa katika dawa. Bwana mmoja alilalamika kwamba mabuti yake yalikuwa mapya kabisa. Nilimwonyesha kipande cha nyasi kilichokwama kwenye soli, akacheka, akakaa kitako na kuanza kuyasugua mwenyewe.

Saa 3:00 asubuhi

Tulishusha wageni kwa boti za mpira, kumi kumi. Tangu tarehe 1 Januari 2025, ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa ya Svalbard meli haziruhusiwi kubeba abiria zaidi ya 200, na kushuka nchi kavu kunaruhusiwa katika sehemu 43 tu zilizotajwa na sheria. Wapo wenzangu wanaonung’unika kwamba kazi imebanwa mno. Mimi naona ufuo kama huu, ambao wageni wote huujia katika miezi michache ileile ya kiangazi, ulihitaji sheria hiyo mapema zaidi.

Kwa mtazamo wa kwanza Smeerenburg haina kitu: changarawe, magogo yaliyosukumwa na bahari na, siku hiyo, kundi la walarasi, wanyama wakubwa wa baharini, waliolala kwa kubanana mbali upande wa pili, meno yao marefu yakichomoza kila mmoja alipogeuka. Niliwapeleka wageni polepole hadi kwenye duara za mawe zilizo karibu na maji. Hizo ni misingi ya matanuri ambamo Waholanzi, walioanzisha kituo hapa mwaka 1619, walichemsha shahamu ya nyangumi katika masufuria makubwa ya shaba. Kuzunguka kila tanuri kuna ukingo mweusi mgumu. Ni mafuta yaliyomwagika na kuungua, yakachanganyika na mchanga na kokoto, yakaganda kama saruji. Ukiinama karibu unaziona kokoto ndogo zimekwama ndani yake, kila moja na umbo lake. Hakuna anayeruhusiwa kuugusa wala kuukanyaga, kwa maana sheria ya Svalbard hulinda mabaki yote ya binadamu ya kabla ya mwaka 1946, hata msumari wenye kutu.

Zamani ilisimuliwa kwamba hapa palikuwa na mji wa maelfu ya watu, wenye maduka na hata kanisa. Waakiolojia walipochimba walikuta misingi ya nyumba chache, zilizotosha wanaume wapatao 200 wakati wa kiangazi. Nakiri kwamba hufurahia kuwaeleza wageni jambo hilo, kwa sababu ukweli unatisha kuliko hadithi: wanaume saba waliachwa hapa majira ya baridi ya 1633 hadi 1634 kulinda mali ya kampuni ya uvuvi wa nyangumi, wakanusurika; saba wengine wakaachwa mwaka uliofuata, na wote wakafa.

Saa 7:00 mchana

Nilikula supu nimesimama, nikabadilisha soksi, nikarudi kwenye boti.

Saa 9:00 alasiri

Tulielekea kusini mwa ghuba, kwenye ukuta wa Smeerenburgbreen, barafuto (mto wa barafu) inayoishia baharini. Tulikaa mbali nao, kwani kipande kikianguka huinua wimbi na kurusha vipande vya barafu. Hatukukaa sana. Redio iliita: dubu jike na mtoto wake wanatembea ufuoni. Mwezi wa Julai sheria inataka mita 300 kati yetu na dubu, na kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni umbali huo huwa mita 500. Kwa kifaa cha kupimia nilipata mita 340 na walikuwa wakija upande wetu, hivyo nikageuza boti na kurudi nyuma huku kamera zikiendelea kulia. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama tusingeweza kusubiri dakika mbili tu. Nikamwambia kwamba dubu anayetusogelea hatupunguzii wajibu wa kuondoka. Aliitazama lenzi yake kubwa, kisha akachukua darubini.

Saa 12:15 jioni

Katika muhtasari wa jioni nilionyesha picha mbili: tanuri la asubuhi na nyumba za mifereji ya Amsterdam. Uchimbaji wa mzunguko wa mifereji hiyo ulianza mwaka 1613, na kampuni iliyopewa haki ya kuvua nyangumi huku ilianzishwa mwaka 1614. Mafuta yaliyotoka huku yaliwasha taa na kutengeneza sabuni. Nyangumi walipopungua katika ghuba, uvuvi ulihamia bahari kuu, shahamu ikawa inapakiwa kwenye mapipa na kuchemshwa Uholanzi kwenyewe. Kufikia karibu mwaka 1660 Smeerenburg ilikuwa imeachwa. Bwana wa mabuti aliuliza kama wanahisa walipata kuuona ufuo huu. Nilimjibu kwamba faida iliwafikia nyumbani, kwa hiyo hawakuwa na haja ya kusafiri.

Saa 3:30 usiku

Nahodha alituita mbele ya ramani ya hali ya hewa. Upepo mkali wa kusini-magharibi ulitarajiwa karibu na kisiwa cha Bjørnøya, na kwa kuwa tuna zaidi ya maili 600 za baharini hadi Tromsø, aliamua tung’oe nanga usiku huohuo badala ya kesho mchana. Ziara ya asubuhi ikafutwa, na pengo nikaachiwa mimi. Nikachagua Bergen: samaki mkavu wa visiwa vya Lofoten, wafanyabiashara wa Hanse, muungano wa miji ya biashara ya Ujerumani, waliofungua ofisi yao Bergen yapata mwaka 1360, na maghala ya Bryggen, gati la kale la mji huo, yaliyojengwa upya baada ya moto wa 1702. Niliandika saa 5:00 asubuhi kwenye ratiba, nikaongeza chini yake onyo la kushika vikingo vya ngazi, nikaipeleka ichapwe kabla wahudumu hawajaanza kuipitisha chini ya milango.