Futari ya Ijumaa

Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilikutana. Jumatano ya Majivu iliangukia Machi 5, jirani zangu hapa Tanga wakiwa wameshafunga siku kadhaa. Natoka kanisani na msalaba wa majivu usoni (majivu ya matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita), mama jirani akaniuliza, "Na nyie mmeanza?"

Tumeanza. Ila mfungo wangu, niseme ukweli, ulikuwa wa kuacha sukari kwenye chai tu, na kesho yake mkono ulishakuwa unakwenda wenyewe kwenye kopo.

Ijumaa nilirudi kutoka Njia ya Msalaba magoti yakiuma. Vituo ni 14, kila kimoja unapiga goti kwenye sakafu ya saruji. Kufika cha tisa, Yesu anapoanguka mara ya tatu, nilikuwa nimeng'ang'ania benchi kama mlevi. Mlangoni nikamkuta mtoto wa mama jirani na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Futari! Mihogo ya nazi, bado inafuka mvuke, na katikati vipande vya nyama.

Ijumaa ya Kwaresima nyama hatuli. Lakini kurudisha futari ya mtu, unaanzaje? Nikala mihogo, nyama nikaiweka ya kesho. Mchuzi? Mchuzi niliufuta wote.

Jumamosi nikarudisha bakuli na ndizi mbivu ndani, maana bakuli halirudi tupu. Nilipomsimulia mama jirani akacheka mpaka akashika ukuta. "Jamani shoga! Basi Ijumaa ijayo nakuletea samaki."