Haraka ya Waingereza, na ubishi wangu na ami

Tunabishana tena na ami yangu barazani Malindi juu ya kriketi ya Testi, ile ya siku tano. Ami alikua wakati kriketi ikichezwa pale Mnazi Mmoja, na anaamini Waingereza wameuharibu mchezo kwa papara. Mimi naamini wameuokoa. Barazani maneno hukatwa njiani, basi leo nayaandika yote.

Ben Stokes alipopewa unahodha wa England mwaka 2022, na Brendon McCullum akawa kocha, watu waliona zaidi zile fimbo: mpira wa kwanza tu, gongo limeshanyanyuliwa. Mimi naona walichokigeuza hasa ni hesabu ya muda. Katika Testi unaweza kurundika mikimbio, yaani pointi, utakavyo, lakini usipowatoa wapigaji wa wapinzani wako mara mbili, zamu zao zote mbili, kabla ya siku ya tano kuisha, kwa kawaida hushindi; bora upatalo ni sare. Timu inayofunga upesi inawapa warushaji wake, wale wanaowatoa wapigaji, saa za kufanya kazi.

Rawalpindi, Pakistan, Disemba 2022, ndiyo mechi ninayomrejeshea ami kila mara. Uwanja ulikuwa umekufa, mpira haupindi wala hauruki. Siku ya kwanza England wakafunga mikimbio 506, wapigaji wanne wakapita mikimbio mia kila mmoja: Crawley, Duckett, Pope na Brook. Wakafika 657. Pakistan nao wakajibu 579, na kwa mazoea ya zamani hiyo ilikuwa sare tayari. Stokes akakataa. Siku ya nne, wakati wa chai, akasitisha upigaji wa timu yake katika zamu ya pili wakiwa na 264 na wiketi 3 bado mkononi, yaani wapigaji watatu hawajatolewa, akawaachia Pakistan watafute 343. Yaani aliwapa nafasi ya kweli ya kushinda ili naye aipate yake. Jua linazama siku ya tano, mrushaji Jack Leach akaitoa wiketi ya mwisho, England wakashinda kwa mikimbio 74. Nahodha gani wa zamani angethubutu? Mimi huo nauita ujasiri, na sioni haya kusema kuwa nilisisimka.

Ami hakatai Rawalpindi. Anachonijibu ni kwamba kupiga kwa nguvu si jambo geni: Viv Richards wa West Indies alifikisha mia kwa mipira 56 kule Antigua mwaka 1986, na rekodi hiyo ikadumu mpaka McCullum mwenyewe alipotumia mipira 54 mwaka 2016. "Lakini Richards, mwanangu, hakuna aliyemlazimisha. Hawa wanalazimishana."

Hapo hunitajia Joe Root, mpigaji wa England, na hapo ndipo ninapobanwa. Root ndiye aliyesimama uwanja wa Edgbaston na mwenzake Bairstow mwaka 2022, wakaifukuza na kuifikia 378 waliyowekewa na India, yeye akibaki na 142 bila kutolewa. Fundi kamili. Kisha Rajkot, India, Februari 2024: England wako 224, wapigaji wawili tu wametolewa, Root akaligeuza gongo kinyume aupeleke mpira wa Bumrah, mrushaji wa India, nyuma ya kichwa, akadakwa na Jaiswal, naye wa India, akatoka. Wote wakatoka kwa 319, na mwisho wa mechi wakafungwa kwa mikimbio 434. Kwa fundi kama yeye fimbo ile haikuwa na haja. Muda ulikuwepo tele. Hapo ami ana haki, nami nimemwambia.

Lakini kuna jambo halitaji. Mechi iliyofuata, Ranchi, Root alirudi kwenye uchezaji wake wa zamani, taratibu, mpira kwa mpira, akapata 122 bila kutolewa. Na India wakashinda vilevile, kwa wiketi 5, yaani wakiwa na wapigaji watano hawajatolewa. Kesho baada ya alasiri nataka anieleze hilo.