Shingo yangu na wembe

Jamani, miaka yote nilidhani vipele vya shingoni nimezaliwa navyo. Kumbe najitakia mwenyewe! Nilikuwa nanyoa kavukavu, wembe wa plastiki, narudiarudia kinyume na ndevu, halafu spiriti juu. Moto wake wanaume mnaujua.

Sasa nanyoa nikishaoga, ndevu zimelainika. Sabuni isiyo na manukato naikoroga kwa brashi mpaka povu liwe zito, wembe mpya, nafuata ndevu zinakolalia, sikandamizi. Hizi ndevu zetu za kipilipili ukizikata chini sana zinajikunja na kuchoma ngozi upya. Mwisho maji baridi, basi.

Wiki ya 3 hii kola ya shati haina damu. Ila mke wangu analalamika naganda bafuni.